Dharau kwa Fasihi Pendwa: Kutoka London ya Victoria hadi Nairobi

Istilahi "fasihi pendwa" ina kejeli ndani yake, kwani kazi zinazoitwa hivyo hupendwa na wanaozisoma na kubezwa na wanaofundisha fasihi. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba dharau hiyo, kama ilivyojitokeza Nairobi katika miaka ya 1970, ina ukoo wa zamani, na kwamba mara nyingi humhukumu msomaji kabla ya kuihukumu kazi yenyewe.

Katika Uingereza ya Malkia Victoria, reli ilipoenea, W. H. Smith walifungua kibanda cha vitabu katika stesheni ya Euston mwaka 1848, na riwaya za bei nafuu zikapata abiria wa kuzisoma. Maktaba ya kuazimisha ya Mudie, iliyoanza 1842, iliwachagulia watu wa tabaka la kati vitabu vilivyostahili kuonekana sebuleni. Vijana wa wafanyakazi walinunua vijitabu vya peni moja. Mwaka 1863 mwanafalsafa H. L. Mansel alizilaani riwaya za kusisimua katika Quarterly Review, akiyatia hatiani majarida, maktaba za kuazimisha na vibanda vya reli. Yafaa tutambue kilicholaumiwa: ni njia zilizomfikishia msomaji mpya kitabu.

Treasure Island ya R. L. Stevenson ilitoka kwanza kwa mfululizo, 1881 hadi 1882, katika Young Folks, gazeti la vijana. Kabla ya nusu karne kupita, Frederick Johnson alikuwa ameifasiri kwa jina la Kisiwa chenye Hazina, pamoja na Mashimo ya Mfalme Sulemani ya Rider Haggard, na zote mbili zikaingia darasani. Burudani ya mtoto wa London ikawa elimu ya mtoto wa Afrika Mashariki! Hata Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mwenye kiko chake na mwenzake Najum, ana udugu na Sherlock Holmes. Naye alipokewa kwa heshima, Mzimu wa Watu wa Kale ilipochapishwa mwaka 1960 na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki.

Nairobi yenyewe ilikuwa na lango lake la usomaji. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 katika mtaa wa Banda, haikuwaruhusu Waafrika kuingia kwa sehemu kubwa ya enzi ya ukoloni. Karani wa mjini alipoanza kununua riwaya kwa mshahara wake, alizinunua dukani na kandokando ya barabara, na alitaka kujiona ndani yake. Charles Mangua alimpa Son of Woman mwaka 1971. David Maillu, kwa kampuni yake ya Comb Books, alimpa My Dear Bottle na Unfit for Human Consumption mwaka 1973, kisha After 4.30 mwaka 1974: vitabu vidogo, vyepesi kubebwa, kuhusu pombe, wakubwa wa ofisi na makarani wa kike. Tanzania ilivipiga marufuku baadhi yake. Chuoni, Chris Wanjala alikuwa miongoni mwa waliovikosoa vikali.

Maillu si fundi kila mara. Kurasa zake nyingine zinachosha. Hata hivyo, shutuma ya upotovu inashangaza. Katika Unfit for Human Consumption, mtumishi wa serikali anayeteketeza mshahara wake kwa anasa huishia kujiua. Lady Audley wa M. E. Braddon, katika riwaya ya 1862 ambayo wakosoaji wa Victoria waliishambulia, huishia kufungiwa nyumba ya wendawazimu. Kazi zote mbili huadhibu kwa ukali ambao mhubiri yeyote angeuridhia. Kilichowaudhi wahakiki ni kwamba mahubiri hayo yalitolewa kwa lugha ya baa, kwa watu ambao hawakuomba idhini ya mwalimu.

Soko halikungoja hukumu yao. Heinemann walianzisha mfululizo wa Spear Books, uliotoa My Life in Crime ya John Kiriamiti mwaka 1984. East African Educational Publishers, waliorithi orodha hiyo na kukaa Westlands kwa miaka mingi, waliendelea kuichapa. Kwa idara ya lugha, lililo zito zaidi ni kwamba vitabu hivi vya Nairobi viliandikwa kwa Kiingereza, ilhali maisha yanayosimuliwa humo hayakuishiwa kwa Kiingereza pekee. Mwaka 1989 Maillu alitoa Without Kiinua Mgongo, akichanganya Kiingereza na Kiswahili ndani ya sentensi moja, kama watu wasemavyo ndani ya matatu iendayo Kangemi.