Bwegera: Udongo, makala na ndimu vinaweza kufundisha mtoto milango mitano ya fahamu

Kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa: hiyo ndiyo milango mitano ya fahamu. Ni kati ya mambo ya kwanza mtoto mdogo anafundishwa shuleni. Huko Bwegera, katika bonde la Ruzizi, mzazi ao mwalimu asiye na kalamu za rangi anaweza kufundisha somo hilo kwa vitu vya nyumbani. Na kupitia mchezo huo anaweza kutambua mapema mtoto asiyesikia ao asiyeona vizuri.

Sheria ya elimu ya Februari 2014 imeweka miaka 3 ya materneli. Lakini elimu ya bure iliyoanza mwaka 2019 inahusu shule za msingi za serikali. Kwa hiyo watoto wengi wanabaki nyumbani mpaka wafikishe miaka 6, na mama, kaka ao dada ndiye mwalimu wao wa kwanza.

Macho na mikono. Pika unga kidogo wa muhogo katika maji mengi, upate uji wa kunata, uache upoe. Ugawanye: sehemu moja tia makala iliyosagwa, nyingine udongo mwekundu, nyingine majani mabichi yaliyopondwa. Hiyo ndiyo rangi. Mtoto achore kwa kidole kwenye kartoni. Kisha abandike mchanga, maganda ya mpunga na jani la muembe, afunge macho, aguse na aseme kipi ni laini, kipi kinakwaruza. Aseme kwa Kiswahili ao Kifuliiru, lugha anayoizoea.

Masikio. Tafuta chupa 4 tupu. Mbili tia mchele, mbili mchanga, zifunge sana, na uzizungushie karatasi. Mtoto atikise na atafute zinazofanana. Halafu achore sauti: nukta nyingi kwa mvua inayopiga mabati, mstari mrefu kwa kamio inayopita barabara ya Uvira–Bukavu.

Pua na ulimi. Mpe anuse tangawizi na ndagala kavu, aonje ndizi iliyoiva na ndimu. Kisha achore uso wa mtu anayeonja ndimu. Hapo watoto wanacheka sana, na somo linabaki.

Kuna mambo ya kuchunga. Mtoto asionje muhogo mbichi mchungu, una sumu. Asiachwe peke yake na mchele ao maharagwe, juu watoto wanayaingiza puani na masikioni. Udongo usichotwe kwenye maji yaliyosimama karibu na mashamba ya mpunga, kunaweza kuwa kichocho. Na katika eneo hili lililopita vita, somo la kugusa liwe pia somo la kutogusa: chuma asichokijua akikiona shambani, asikiguse, aite mkubwa.

Mzazi aangalie vizuri wakati wa mchezo. Mtoto anayekosea chupa kila siku, asiyegeuka akiitwa kwa nyuma, ao anayesogeza uso karibu sana na kartoni, si lazima awe mkaidi. Pengine hasikii ao haoni. Fimbo haitamsaidia, apelekwe kituo cha afya. Sikio linalotoa usaha lisitiwe mafuta wala dawa ya majani: likitibiwa mapema, mtoto anaweza kuokoa usikivu wake kabla ya kuingia darasa la kwanza.