Magugu katika Shamba la Viazi na Afya ya Mkulima

Katika mikoa ya Njombe, Mbeya na Iringa, viazi mviringo ni chakula na pia ni ada ya shule. Pamoja navyo, dawa ya kuua magugu imeingia majumbani: huhifadhiwa stoo karibu na mahindi, na mara nyingine humiminwa katika chupa ya soda ili jirani agawiwe kidogo.

Hapo ndipo suala la shamba linapogeuka kuwa suala la zahanati. Parakwati, dawa iliyotumika kwa miaka mingi kuunguza magugu kabla viazi havijachomoza, haina dawa ya kuondoa sumu yake mwilini. Funda moja la dawa isiyochanganywa na maji laweza kuua mtu mzima. Mgonjwa huweza kuzungumza vizuri siku ya kwanza, akilalamikia kinywa na koo tu, kisha figo na mapafu yakashindwa kazi siku chache baadaye.

Haja ya chupa hiyo yaweza kupunguzwa, kwa kuwa viazi hujitetea vyenyewe vikisaidiwa mapema. Majani yakishafunika nafasi kati ya matuta, kivuli chake huzuia magugu mengi kuota. Kipindi cha hatari ni kifupi: takribani wiki 4 hadi 6 za mwanzo tangu kuchomoza.

Kazi huanza kabla ya kupanda. Shamba hulimwa mapema, huachwa wiki 2 hivi ili magugu yaote, kisha hukwatuliwa juu juu siku ya jua kali. Jembe likizama sana huleta juu mbegu nyingine za magugu. Viazi vya mbegu vilivyokwisha kuchipua huwahi kuchomoza. Hata hivyo hupita wiki kadhaa kabla miche haijaonekana, na huo ni wasaa wa kukwatua tena bila kugusa machipukizi. Miche ifikapo sentimita 15 hadi 20, palizi hufanywa pamoja na kupandishia udongo. Magugu machanga huzikwa, na viazi hufunikwa visipigwe na jua. Kiazi kilichogeuka kijani huashiria ongezeko la solanini, sumu iletayo maumivu ya tumbo na kutapika.

Ndago na sangari ni habari nyingine. Ukikata ndago kwa jembe, vijiazi vyake hubaki chini na kuota upya. Sangari nayo huchipua kutoka kila kipande. Mizizi yake hung'olewa na kuanikwa juani kabla ya msimu, na bado baadhi ya wakulima watahitaji dawa. Si haki kuwalaumu. Mistari ikiwa na nafasi ya sentimita 75, anayenyunyizia ukanda wa sentimita 25 tu juu ya tuta hutumia theluthi moja ya dawa, na katikati hupita na jembe.

Lakini jembe nalo lina gharama yake mwilini. Palizi kwa kiasi kikubwa hufanywa na wanawake, wakiwamo wajawazito na wanaobeba watoto mgongoni. Kupunguza dawa kwa kumwongezea mama siku za kuinama si kulinda afya. Ndiyo maana wakati una thamani: gugu lenye majani mawili hukwatuliwa kwa jembe la mpini mrefu, mtu akiwa amesimama.

Mhudumu wa afya ampokeapo mtu aliyeguswa na dawa hizi, aulize jina lake na kuomba kibandiko cha chupa. Nguo zilizolowa zivuliwe, ngozi ioshwe kwa maji mengi na sabuni, na macho yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Aliyekunywa asitapishwe, apelekwe hospitali mara moja, hata akionekana mzima. Ikiwa ni parakwati, oksijeni isitolewe kwa mazoea, bali pale tu kiwango chake kinaposhuka katika damu, kwa sababu oksijeni ya ziada huharakisha kuharibika kwa mapafu.