Mayai Yamepotea, Lakini Mnyoo Je?

Vikundi vingi vinavyofuga mbuzi hutuuliza swali moja: tumenunua dawa, tumenywesha, mbona mbuzi wanazidi kukonda? Jibu limo ndani ya mnyoo mwenyewe, tena mahali padogo sana.

Tumchukue yule mnyonya damu anayekaa katika tumbo la nne la mbuzi. Wataalamu humwita Haemonchus. Jike mmoja hutaga mayai kati ya 5,000 na 10,000 kwa siku. Kwa siku moja, jamani! Lakini kutaga ni kazi ya misuli, na misuli haijiamulii. Mwili wa mnyoo, kama wetu, umejengwa kwa seli, na juu ya ngozi ya seli kuna vipokezi. Kipokezi ni kama kufuli. Ufunguo wake ukiingia, seli inapata habari ya kufanya kazi au ya kuacha. Habari ikifika kwa misuli ya njia ya uzazi, yai linatoka. Isipofika, linabaki ndani.

Hapo ndipo dawa hupitia. Levamisoli hufungua vipokezi vya misuli na kuvishikilia wazi, mnyoo akakakamaa na kutoka na mavi. Ivamektini, iliyowapatia Campbell na Ōmura Tuzo ya Nobel mwaka 2015, hufungua vipokezi vingine ambavyo mbuzi hana wala sisi hatuna. Misuli ya mnyoo inalegea, koo halimezi tena.

Sasa sikilizeni vizuri. Ivamektini inaweza kusimamisha utagaji hata kama jike hajafa. Basi mavi yakipimwa siku chache tu baada ya kunywesha, mayai hayaonekani na kikundi kinashangilia bure. Ngojeni wiki mbili. Kwa levamisoli, wiki moja inatosha.

Tena kuna minyoo ambao vipokezi vyao vimebadilika, ufunguo hauingii sawasawa. Ukikisia uzito kwa macho, ama ukigawa chupa moja ati itoshe kundi zima, unaua wanyonge na kuwaachia sugu nafasi ya kuzaana. Katika Kenya minyoo sugu kwa dawa zaidi ya moja walikuwa wameshapatikana miaka ya 1990. Kanda ya kupimia kifua ni rahisi kuliko mbuzi mmoja aliyekufa. Kikundi kinunue moja, izunguke kwa wanachama.

Na mbuzi si kondoo. Mwili wake huvunja dawa haraka zaidi, kwa hivyo dozi ya kondoo mara nyingi haimtoshi. Mwulizeni daktari wa mifugo kabla ya kunywesha.

Mwisho, funueni ukope wa chini wa jicho. Ukiwa mweupe, damu imepungua, mnywesheni. Ukiwa mwekundu na mbuzi anakula vizuri, mwacheni. Minyoo wake ambao bado wanaisikia dawa watachanganyika na wale sugu malishoni, na dawa yenu itaendelea kufanya kazi kwa miaka zaidi.