Skunk, Haze, Auto: Kabla Utume Pesa ya Mbegu ya Ngwai, Soma Hii Kwanza

Kama uko Skuta, Kamakwa ama pale Likii Nanyuki, na simu yako ishajua venye unapenda kucheki usiku, labda umepatana na hizi video. Msee wa Toronto anafungua kabati ya nguo. Ndani kuna taa ya zambarau na mimea mitatu imenona kuliko sukuma ya mathe wako. Anakuonyesha hii ni indica, hii ni sativa, hii ni auto. Chini kuna linki ya kununua mbegu. Unaangalia kona ya bedsita yako, pale kwa ndoo za maji, unaanza kupiga hesabu.

Sasa leo tufungue hiyo pakiti tuone ndani kuna nini. Si mahubiri, hapa si kanisa. Na pia si somo la kupanda. Ni kuelewa hayo majina makubwa yanamaanisha nini, kwa nini mengi ni ya kuuza tu, na venye sheria ya Kenya inakucheki ukiwa na mmea mmoja kwa mkebe wa Kimbo.

Indica ni ya kulala, sativa ni ya kuchangamka? Nani alisema?

Tuanze na hii juu kila mtu huirudia kama Baba Yetu. Jina Cannabis sativa liliandikwa na Linnaeus, yule msee wa Sweden aliyepatia mimea majina, mwaka wa 1753. Lamarck wa Ufaransa akaja 1785 akaangalia mimea iliyotoka India, akaona iko tofauti na ile ya Ulaya, akaiita indica. Hao wawili walikuwa wanaongelea umbo la mmea na mahali umetoka. Hakuna mahali waliandika ati hii itakulaza na hii itakufanya uoshe nyumba saa tisa usiku.

Hiyo nyingine ililetwa na wauzaji. Na tangu miaka ya 1970 watu wamechanganya hii mimea mpaka ukoo umepotea. Chukua Skunk, jina lenye kila mtu analijua. Ilitengenezwa California kwa kuchanganya mimea ya Afghanistan, Mexico na Colombia, halafu ikapelekwa Uholanzi na kutoka hapo ikasambaa dunia nzima. Sasa hiyo utaiita indica ama sativa? Ni kama kuuliza matatu ya Nyeri–Nairobi ni ya wapi.

Mwaka wa 2015 watafiti wa Canada walipima jeni za sampuli 81 za bangi. Walipolinganisha zile zenye jina moja, mara 6 kati ya 17 walipata sampuli inafanana zaidi na zenye jina tofauti kuliko na wajina wake. Mwaka wa 2019 wengine Marekani wakanunua kwa maduka halali kabisa, yenye leseni na risiti, na bado wakakuta jina moja linauza mimea tofauti. Hiyo ni Marekani, kwa duka lenye serikali inalikagua. Sasa fikiria ile pakiti ya Telegram yenye jamaa anakwambia tuma kwa M-Pesa halafu anakublue tick.

Watu wa Nyeri mnafaa kuelewa hii story kuliko mtu yeyote Kenya, juu mmekulia kwa kahawa. Guka wako akisema shamba lake ni SL28, hiyo SL28 iko na historia: ilichaguliwa Scott Laboratories miaka ya 1930. Ruiru 11 ilitolewa 1985, Batian ikafuata 2010, na kuna taasisi ya utafiti pale Ruiru inaweza kukwambia kila moja inazaa aje na inapigana na ugonjwa gani. Ukinunua mbegu ya mahindi, kuna stika ya KEPHIS unakwangua na kutuma namba. Jina kwa pakiti liko na mtu wa kuulizwa. Kwa ngwai, hakuna. Jina ni la mwenye kuuza, na akiamua kesho iitwe Wajackoyah Special, itaitwa hivyo.

Jike, dume na ile wanaita auto

Mmea wa bangi uko na jinsia. Kuna dume na jike, na mbegu ya kawaida ni kama kurusha shilingi: karibu nusu zitatoka dume. Kile wavutaji wanatafuta ni maua ya jike lenye halijachavushwa. Jike likipata chavua ya dume, nguvu zake zinaenda kwa kutengeneza mbegu. Ndio maana ile ya mtaa huwa imejaa mbegu zinapasuka kama njugu: huko shambani dume na jike walikuwa wanaishi pamoja na hakuna mtu aliwatenganisha.

Kwa hivyo kampuni za ng'ambo zikaanza kuuza pakiti za mbegu za jike pekee, na bei ikapanda. Hapo ndipo mchezo uko. Mbegu ya jike na mbegu ya dume ukiziweka kwa kiganja zinafanana kabisa. Hakuna rangi, hakuna madoadoa, hakuna kitu. Zile picha za mtandao zinazokuonyesha umbo la mbegu ya jike ni porojo. Unalipia neno la mtu usiyemjua.

Auto ni story nyingine. Bangi ya kawaida hutoa maua kulingana na urefu wa usiku. Huko Ulaya mmea hukua kiangazi chote jua likikaa angani saa 16, halafu usiku ukianza kurefuka unajua ni wakati. Lakini kuna jamii ndogo ya porini iliyoandikwa na msomi wa Urusi mwaka wa 1924, inaitwa ruderalis, yenye haijali usiku. Ikifika umri wake inatoa maua. Auto ni mchanganyiko na hiyo.

Sasa cheki ramani. Nyeri iko chini kidogo tu ya ikweta, na Nanyuki imekalia ikweta yenyewe, si mmepiga picha pale kwa kibao. Mchana wetu ni karibu saa 12 mwaka mzima. Ile mimea imezoea Afrika Mashariki imejipanga na hizo saa 12 kwa vizazi na vizazi. Ile imetengenezwa kwa ajili ya Uholanzi inafika hapa inachanganyikiwa. Kwa hivyo ata zile sifa zimeandikwa kwa pakiti, urefu huu, wiki hizi, zilipimwa kwa dunia nyingine. Na hatujaongelea baridi ya gathano mwezi wa saba, yenye binadamu mwenyewe anashindwa kutoka kwa blanketi.

Nguvu: hapa sasa si mchezo

Kitu kimoja kwa hizo pakiti huwa na maana, ata kama namba yenyewe huwezi kuiamini: THC. Ndiyo kemikali inayolewesha, na ilitambuliwa na Raphael Mechoulam na mwenzake Yechiel Gaoni huko Israel mwaka wa 1964. Bangi iliyokuwa inakamatwa na polisi wa Marekani mwaka wa 1995 ilikuwa na THC karibu asilimia 4. Kufikia 2014 ilikuwa karibu 12. Wakuzaji walikuwa wanachagua mbegu kwa hiyo namba pekee, kizazi baada ya kizazi.

Na hii ndiyo sehemu yenye zile video haziwahi kukaa nayo. Utafiti mkubwa wa miji ya Ulaya na Brazil, uliotoka kwa jarida la Lancet Psychiatry mwaka wa 2019, ulikuta wanaovuta kila siku ile yenye THC ya asilimia 10 kwenda juu wana uwezekano karibu mara 5 zaidi wa kupata saikosisi kuliko wasiovuta. Saikosisi ni ile hali ya kusikia sauti zisizokuwa, kuona kila mtu anakupangia. Si ati kila anayevuta itamshika. Lakini kama kwenu kuna mtu amewahi kuugua hivyo, wewe si wa kucheza na hizi namba. Kulingana na NACADA, mwaka wa 2022 Wakenya 518,807 wa kati ya miaka 15 na 65 walikuwa wanatumia bangi. Hao ni watu wengi sana wa kuambiwa tu ati ni majani.

Korti haijui Haze

Turudi kwa ile kona ya bedsita. Yule msee wa Toronto anaruhusiwa mimea minne kwa nyumba tangu 2018. Wa Berlin anaruhusiwa mitatu tangu Aprili 2024. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba ilifungua mlango mwaka wa 2018 kwa mtu mzima kupanda ya kutumia mwenyewe faraghani. Hizo video zimetengenezewa hao watu. Wewe uko Ruring'u.

Huku sheria ni ile ya dawa za kulevya ya 1994. Kifungu cha 6 kinasema ukipanda bangi, faini ni shilingi 250,000 ama mara tatu ya bei ya hiyo mimea sokoni, yenye itakuwa kubwa, ama jela isiyozidi miaka 20, ama vyote viwili. Soma tena. Hakuna mahali pameandikwa mmea mmoja ni sawa. Hakuna mahali pameandikwa ya kujivutia tu.

Na hapa wasee wengi huchanganya. Wamesikia ati sheria ililegezwa. Ni kweli mabadiliko ya 2022 yalishusha adhabu ya kupatikana na bangi kidogo: ukiridhisha korti ilikuwa yako ya kutumia, ni jela isiyozidi miaka 5 ama faini isiyozidi shilingi 100,000. Lakini hiyo ni ya kupatikana nayo. Kupanda ni kosa lingine, lina kifungu chake, na ule utetezi wa "ni yangu tu" haumo. Kwa lugha rahisi: roli mfukoni na mche kwa mkebe ni kesi mbili tofauti, na ya mche ndiyo nzito.

Kuna lingine. Hicho kifungu kinashika pia mwenye nyumba ama anayekaa humo akiruhusu mmea upandwe. Kwa hivyo rumeti wako mwenye hata havuti, anayejua kuna kitu kinamea nyuma ya pazia na ananyamaza, naye yuko ndani. Keateka akijua naye anaanza kujiuliza maswali. Na ploti zetu mnazijua, ukuta ni karatasi. Jirani anajua umepika nini kwa harufu, na taa yenye inawaka siku nzima inamaliza tokeni za stima mpaka mtu anauliza.

Zile mbegu zenyewe zikitoka ng'ambo, kila mbegu ya kupanda inayoingia Kenya inahitaji kibali cha KEPHIS na cheti cha afya ya mimea kutoka ilikotoka. Ya Telegram haina. Na muuzaji akikula pesa, utaenda kuripoti wapi? Utamwambia OCS wa Nyeri Central ulikuwa unanunua nini?

Mlima wenyewe ushaona hii filamu. Mwaka wa 1999 KWS ilipopima msitu wa Mlima Kenya kutoka kwa ndege, kati ya vitu vilivyoonekana ni mashamba ya bangi katikati ya miti. Nayo ile inaitwa shash imepewa jina la Shashamane, mji wa Ethiopia, na barabara ya kutoka Moyale inapitia Isiolo, Nanyuki, Karatina. Makarao wa hii barabara hawajaanza kazi jana.

Je, itabadilika? Watu wamejaribu. Marehemu Ken Okoth, akiwa mbunge wa Kibra, alisukuma mswada mwaka wa 2018. Chama cha Rastafari kilienda Mahakama Kuu mwaka wa 2021 kikisema ni suala la imani. Wajackoyah akasimama urais 2022 na bangi kwa manifesto, vijana wakamshangilia kila mahali, halafu siku ya kura akapata 61,969. Wengi wa waliopiga kelele hawakuwa wamejiandikisha, naona.

Kile kinaniuma mimi si hata jela. Ni ile karatasi ya good conduct ya DCI. Msee wa DeKUT ama Karatina University anamaliza masomo, anapata kazi ya ulinzi Qatar ama hoteli Nanyuki, wanaitisha good conduct, na hapo kesi ya mche mmoja inatokea imeandikwa. Utaeleza ilikuwa auto tu?

Na ikishatokea umeshikwa, iwe kwa hii ama kwa lingine lolote, Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki hizi: uambiwe sababu kwa lugha unayoelewa, unyamaze, uongee na wakili, ufikishwe kortini ndani ya saa 24 ama siku ya korti inayofuata, na upewe dhamana isipokuwa kuna sababu nzito. Huhitaji kumweleza karao ni aina gani na uliitoa wapi. Mmea utapelekwa kwa Mkemia wa Serikali, na ripoti yenye itasomwa mbele ya hakimu haitakuwa na Skunk, Haze wala jike wala dume. Itaandikwa neno moja: bangi.