Dereva Akiumia, Nani Atashika Usukani?



Hapa Bugembe, kando ya barabara kuu itokayo Jinja kwenda Iganga, watu wakitoka zamu huzungumza mambo mengi: bei ya posho, mpira, na magari ya mashindano. Vijana wanajua majina ya madereva kuliko majina ya wajumbe wao wa chama. Hatuwalaumu. Lakini leo tunataka kuyatumia hayo mazungumzo ya magari kuwafikisha kwenye jambo linalotuhusu sisi sote tunaoshika mashine, panga, usukani na toroli.

Jambo lenyewe ni hili: dereva akiumia vibaya kazini, gari halilali. Tajiri hutafuta mtu mwingine wa kukaa kwenye kiti chake. Je, yule aliyeumia anapata nini? Na huyu aliyeletwa badala yake, yeye ana haki gani? Na siku yule wa kwanza akipona, kiti ni cha nani?

Tuanze na habari ya Niki Lauda, maana inajulikana dunia nzima. Lauda alikuwa mtu wa Austria, dereva wa kampuni ya Ferrari ya Italia. Mwaka 1975 alikuwa bingwa wa dunia. Mwaka 1976 alikuwa anaongoza tena, na watu wengi walidhani ubingwa ni wake.

Tarehe 1 Agosti 1976 mashindano yalikuwa Ujerumani, katika njia iitwayo Nürburgring. Njia hiyo ilikuwa na urefu wa karibu kilometa 23 kwa mzunguko mmoja, inapita msituni, ina kona nyingi, na wazima moto na madaktari hawakuweza kufika upesi kila mahali. Lauda mwenyewe alikuwa amewaambia madereva wenzake kwamba njia ile ni ya hatari na wasikubali kushindana hapo. Wakapiga kura. Wengi wakasema tutashindana. Basi naye akaingia garini kama wengine.

Katika mzunguko wa pili gari lake liliacha njia, likagonga ukingo, likashika moto, na gari lingine likamgonga. Kofia yake ya kujikinga ilikuwa imetoka kichwani. Ndugu zangu, hapa sikilizeni vizuri. Waliomtoa motoni walikuwa madereva wenzake. Walikuwa wanne: Arturo Merzario, Guy Edwards, Brett Lunger na Harald Ertl. Walisimamisha magari yao katikati ya mashindano wakaingia kwenye moto. Watu waliokuwa wanashindana naye dakika moja iliyopita ndio waliomwokoa. Mwenzako wa kazi ndiye mtu wa kwanza kukufikia siku ya ajali, naye msimamizi mkuu yuko ofisini.

Lauda aliungua kichwa na uso, na moshi wenye sumu uliharibu mapafu yake. Hali ilikuwa mbaya hata padri akaja hospitalini kumwombea sala za mtu anayekufa. Lakini hakufa.

Sasa tuangalie kiti chake. Ferrari haikupeleka gari lolote katika mashindano yaliyofuata, ya Austria. Kisha Uholanzi ilipeleka gari moja tu, la Clay Regazzoni, Mswisi aliyekuwa mwenzake Lauda. Wakati huohuo kampuni ilitafuta mtu wa badala. Ikampata Carlos Reutemann wa Argentina, dereva hodari, aliyeacha kampuni yake ya kwanza ili ajiunge na Ferrari.

Lauda alipata habari hiyo akiwa bado na vidonda, na hakupendezwa. Tarehe 12 Septemba 1976, siku 42 tu baada ya kuungua, alirudi kwenye mashindano ya Monza, Italia. Ngozi ya kichwani ilikuwa haijapona, amefungwa bendeji chini ya kofia. Siku hiyo Ferrari ilikuwa na magari matatu: la Lauda, la Regazzoni, na la Reutemann aliyeletwa kuwa badala. Lauda akamaliza wa 4, mbele ya yule aliyekuja kukaa kwenye kiti chake.

Watu wengi husifu ushujaa huo, na ni kweli ulikuwa ushujaa. Lakini mtu wa chama anapaswa kuuliza: kwa nini mgonjwa arudi kazini na vidonda vibichi? Lauda alikuwa mtu mwenye fedha na jina, na bado alikimbilia kazini wakati kiti chake kimeanza kukaliwa na mwingine. Je, mkata miwa mwenye watoto wanne, anayelipwa kwa kipande, atafanya nini? Atarudi na jeraha limefungwa kwa kitambaa, asiseme neno, na jeraha litaoza. Mara nyingi hofu ya kupoteza kazi huharibu mwili kuliko ile ajali yenyewe.

Mwisho wa mwaka huo, tarehe 24 Oktoba 1976, walishindana Japani katika mvua kubwa. Lauda alizunguka mara mbili akasimama, kwa sababu aliona hatari imezidi. James Hunt wa Uingereza akapata ubingwa kwa pointi 69, Lauda 68. Pointi moja tu. Lauda hakujuta kwa kuchagua uhai. Mwaka 1977 alikuwa bingwa tena, na mwaka 1984 mara ya tatu. Alifariki mwaka 2019 akiwa mzee wa miaka 70. Na ile njia ndefu ya Nürburgring haikutumika tena kwa mashindano hayo makubwa baada ya 1976. Alichokisema Lauda kabla ya ajali kilisikilizwa baada ya ajali. Ndivyo ilivyo hata kwetu: kizuizi cha mashine huwekwa baada ya kidole kukatika.

Na Regazzoni je, yule aliyebaki akiendesha peke yake wakati mwenzake yuko hospitalini? Mwaka 1977 yeye ndiye aliyekosa kiti Ferrari, nacho akapewa Reutemann. Kwa hiyo aliyepoteza kazi kwa ajali ile hakuwa majeruhi, alikuwa mzima aliyefanya kazi ya wawili. Baadaye, tarehe 30 Machi 1980, Regazzoni akiendesha gari la kampuni nyingine ndogo huko Long Beach, Marekani, breki zilikataa katika mwendo mkali akagonga ukuta. Miguu yote ikapooza. Kampuni ikamweka kijana mwingine garini, na mashindano yakaendelea. Regazzoni hakukaa nyumbani akililia kiti. Alijifunza kuendesha gari kwa vyombo vya mkono, akashiriki tena safari ndefu za magari jangwani, na akasaidia watu wenye ulemavu kupata njia ya kuendesha magari.

Msiseme hayo ni ya Wazungu. Tuna habari ya mtu wa hapa. Shekhar Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945, katika jamaa ya Wahindi wenye mashamba. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, yeye na jamaa yake walihamia Kenya. Mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, aliyashinda mara 5: mwaka 1973, kisha 1979, 1980, 1981 na 1982. Mara nne mfululizo, katika matope na vumbi la Afrika Mashariki.

Mwaka 1987 Mehta alipata ajali mbaya sana katika mashindano ya jangwani huko Misri. Kazi yake ya udereva ikaisha hapo. Lakini ujuzi wake haukutupwa. Aliingia katika uongozi wa mchezo, hata akawa mwenyekiti wa kamati ya rali ya FIA, chama cha magari cha dunia. Alifariki London mwaka 2006. Hapa tunajifunza jambo kubwa: mkono au mguu ukiharibika, kichwa bado kina ujuzi. Fundi wa miaka ishirini aliyepoteza vidole anaweza kufundisha vijana, kutunza stoo, au kukagua usalama wa mashine. Kumfukuza mtu wa namna hiyo ni kutupa akiba ya kiwanda chenyewe.

Sasa turudi nyumbani kwetu, viwandani Jinja na Mbale, na katika mashamba ya miwa na chai. Sisi hatuna mawakala wala magazeti ya kututetea. Tuna sheria, na tuna chama.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inasema mwajiri anawajibika kumlipa mfanyakazi aliyeumia kutokana na kazi na wakati wa kazi. Hata kama mfanyakazi alifanya uzembe, fidia bado inadaiwa. Basi mtu akikuambia, "Wewe mwenyewe hukuangalia, huna haki," mjibu kwa adabu kwamba sheria haisemi hivyo. Ajali ya njiani, ukienda kazini moja kwa moja au ukitoka, nayo imo. Gharama za matibabu zinazofaa ni za mwajiri. Na mwajiri anatakiwa kuwakatia wafanyakazi wake bima kwa ajili ya mambo hayo.

Mtu akipoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi maisha yake yote, fidia ni mshahara wa miezi 60. Akipoteza sehemu ya uwezo, hulipwa kwa asilimia. Tuchukue mfano. Mfanyakazi anapata shilingi 200,000 kwa mwezi. Miezi 60 ni shilingi 12,000,000. Daktari akipima kwamba amepoteza uwezo wa asilimia 30, fidia yake ni shilingi 3,600,000. Kila mtu afanye hesabu ya mshahara wake mwenyewe, asingoje kufanyiwa na karani.

Lakini haki isiyodaiwa hupotea. Kwa hiyo shikeni mambo haya:

Kwanza, toa taarifa ya ajali mara moja. Sheria inataka taarifa ifike kwa mwajiri ndani ya mwezi mmoja. Usiseme "nitaona kesho."

Pili, taarifa iandikwe. Kama hujui kuandika, mjumbe wa chama aandike, nawe uweke dole gumba. Andika siku, saa, mashine gani, na nani alikuwepo.

Tatu, tunza karatasi zote za hospitali, na za mshahara pia, maana fidia inahesabiwa kutoka kwenye mshahara.

Nne, usitie sahihi karatasi ya "nimelipwa yote" kabla daktari hajapima na kabla hujaonana na ofisa wa kazi wa wilaya. Mimi nimewaona watu wakipokea noti chache na gunia la posho, wakatia sahihi, na baadaye mkono ukakauka.

Tano, kibarua naye ni mfanyakazi. Asikubali kuambiwa kwamba habari hizi hazimhusu.

Limebaki jambo moja gumu, la yule wa badala. Mwenzetu akilazwa, asubuhi ya pili kuna kijana langoni anangoja kazi ile ile. Wengine humchukia na kumwita mwizi wa kiti. Ndugu, Reutemann hakumchoma moto Lauda. Na kijana huyu hakuikata mikono ya mtu. Ana njaa kama sisi. Mara nyingi anawekwa kwenye mashine ile ile iliyomuumiza wa kwanza, haijatengenezwa, naye hajafundishwa, na mshahara ni wa chini. Kesho ataumia yeye. Mkimfukuza kwenye kundi lenu, mwajiri atawatumia ninyi dhidi yake na yeye dhidi yenu.

Badala ya hayo, wajumbe waingize mambo haya katika mapatano yao na mwajiri. Mashine iliyoumiza mtu isiendeshwe mpaka ikaguliwe. Mtu wa badala aandikwe kwamba ni wa muda, afundishwe kwanza, na alipwe mshahara wa kazi ile. Majeruhi akipona kwa cheti cha daktari arudi kwenye kazi yake. Na asipoweza kazi ya zamani, apewe kazi nyepesi kabla nafasi hiyo haijapewa mtu wa nje. Na yule wa badala aliyefanya vizuri awe wa kwanza kufikiriwa nafasi ikitokea.

Hayo hayatolewi kwa huruma. Yanapatikana wanachama wakihudhuria mikutano, wakilipa ada, na wakichagua wajumbe wanaojua kusema na kuandika.

Vijana, endeleeni kuzungumza habari za magari. Lakini mkifika pale dereva anapotolewa motoni, kumbukeni waliomtoa. Hawakungoja kuulizana nani anaongoza mashindano. Walisimamisha magari, wakaenda. Chama cha wafanyakazi kazi yake ni hiyo hiyo: mmoja akiumia, wote tusimame tumtazame, halafu tuendelee pamoja.

Umoja ni nguvu.