Kocha Maarufu, Msimu Mbovu: Colorado 2023

Mpwa wangu aliniuliza, "Ami, kocha ana jina kubwa vile, timu yashindwaje?" Alikusudia Deion Sanders na Chuo Kikuu cha Colorado, kwenye ule mpira wa Kimarekani wa kukimbia na mpira mkononi.

Alichokikuta kilikuwa kibovu. Mwaka 2022 timu ilishinda mechi 1 na kupoteza 11. Sanders akaleta wachezaji zaidi ya 40 kutoka vyuo vingine, kwani sheria tangu 2021 inamruhusu mchezaji kuhama bila kukaa nje mwaka mzima. Mechi 3 za mwanzo wakashinda zote, Marekani ikazizima. Kisha Oregon wakawapiga 42-6. Msimu ukaisha wameshinda 4, wamepoteza 8.

Shida ilikuwa wapi? Mbele ya mrushaji husimama majabali watano wa kumkinga. Hao lazima wazoeane, wasogee kwa pamoja kama wapiga makasia. Mkimbiaji hodari waweza kumleta leo akang'ara kesho, lakini ukinga wa watu watano hauji kwa mkupuo. Mrushaji wao, Shedeur, mwana wa kocha mwenyewe, aliangushwa na mpira mkononi mara 52.

Hapo namtetea kocha. Lakini mechi ya Stanford simtetei. Walikwenda mapumzikoni wakiongoza 29-0, wakafungwa 46-43 katika muda wa ziada. Hilo halina cha wachezaji wageni.

Msimu wa 2024, kocha yule yule, walishinda 9 na kupoteza 4.