Msumari Ndani ya Mfupa

Zamani mtu aliyevunjika paja alilazwa kitandani hata miezi mitatu, mguu wake umetundikwa na kuvutwa kwa uzani. Na shamba lake, ni nani aliyelilima? Mwaka 1939, katika mji wa Kiel, Ujerumani, daktari Gerhard Küntscher alipitisha msumari mrefu wa chuma ndani ya mfupa, penye uboho, ukavishika vipande viwili kama ufito upitao ndani ya mianzi. Madaktari wengi walimpinga. Lakini wagonjwa wake walisimama upesi. Msumari hauungi kitu. Mfupa hujiunga wenyewe, ukitulizwa tu. Leo katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, misumari ya namna hiyo hukazwa kwa parafujo, mfupa usizunguke.